Uzi wa jukwaa: Kabati la droo nane la vifaa vya kushonea, mvule kuukuu, Kibokoni, Mombasa

NyuziZaMama, 9 Februari

Assalam aleikum wapenzi wa kazi za mikono. Huu utakuwa mrefu, mnisubiri.

Mama yangu hushona kofia za vito, zile za kudariziwa vitobo vidogo. Alianza kabla hajaolewa, na mpaka leo akishaswali adhuhuri hukaa dirishani penye mwangaza na kofia pajani. Kofia moja humchukua miezi, kwa sababu kila kitobo lazima kizungushiwe uzi kwa mkono, na vitobo ni mamia. Vifaa vyake lakini vilikuwa vimetapakaa nyumba nzima. Nyuzi kwenye mkebe wa biskuti, bafta ndani ya mfuko, sindano zimechomwa kwenye kipande cha leso, na vitambaa vilivyokwisha kuchorwa vimelazwa chini ya godoro visikunjike.

Mwaka juzi tulimnunulia kabati la droo la dukani, lile la mbao za unga zilizogandishwa kwa gundi na kuvishwa karatasi yenye sura ya mti. Mvua za mwaka zilipoingia lilivimba miguuni kama mkate uliochovywa chai. Droo ya chini haikufunguka tena mpaka nikaivunja, na ndani yake kofia mbili zilizofika nusu zilikuwa zimeingia kuvu. Mama hakusema neno. Alizifua, madoa hayakutoka, akazikunja akaziweka. Siku ile ndipo nilipoamua kwamba kabati la pili litatoka mikononi mwangu.

Kabla ya kununua hata msumari nilimwomba amwage kila kitu chake juu ya mkeka. Hili nawasihi mlifanye. Wengi wetu tunaanza na mbao, tunagawa boksi sehemu sawasawa, halafu tunatafuta pa kuvitia vitu. Sisi tulivipanga kwa kimo. Sindano, mikasi midogo, vishikizo na chaki havikupita sentimita 5 kwenda juu. Vibunda vya nyuzi, kama 8. Vitambaa vilivyochorwa havina kimo kabisa ila vinataka upana, vilale bila mkunjo. Kofia zinazoshonwa zinataka nafasi zisibonyee. Bafta na lesi za kukunja ndizo kubwa kuliko vyote.

Mkeka ule ndio uliochora kabati. Upana sentimita 75, kina 45, kimo 95 pamoja na miguu ya 12. Safu ya juu droo tatu ndogo za kimo cha 7. Ya pili droo mbili za 10. Kisha droo tatu za upana wote: 12 ya vitambaa vilivyochorwa, 18 ya kofia, 24 ya bafta. Jumla nane. Kimo cha 95 alikichagua Mama mwenyewe, kwa maana anataka kukata kitambaa juu yake akiwa amesimama bila kuinama.

Mbao. Ami yangu alikuwa akifunga duka lake la zamani, na rafu zake zote zilikuwa za mvule, ubao wa inchi moja, zimekaa ukutani tangu mimi sijazaliwa. Mbao za namna hiyo zimekwisha kukauka na kutulia, ukipata usiziache. Ila kuna mambo matatu. La kwanza, pitisha sumaku ubao mzima kabla ya kutia randa, kwani kichwa cha msumari hukatika na shina likabaki ndani. La pili, mvule huwa na mawe ndani yake, kweli mawe, chokaa iliyoganda humo mti ulipokuwa ukikua, na ukikutana nalo makali ya randa huliwa papo hapo. La tatu ni vumbi lake. Linawasha pua na kifua, wengine huwapandisha pumu. Funga barakoa, fanya kazi nje. Mimi nilifanya hivyo, upepo ukiwa nyuma yangu.

Mvule niliutumia kwenye boksi na nyuso za droo. Mbavu za droo ni saipresi, nyepesi na inapigika randa vizuri. Sakafu za droo na mgongo wa kabati ni plaiwudi ya milimita 6.

Sasa jambo ambalo watu wa nyumba za juu Mji wa Kale wanalijua. Ngazi zetu! Nilizipima kwanza. Kwenye kona ya pili hakipiti kitu kipana kilicho kizima. Kwa hiyo kabati ni vipande viwili vinavyokaa kimoja juu ya kingine: cha juu kina safu mbili za droo ndogo, cha chini kina droo tatu kubwa na miguu. Vijiti vinne vya mbao vinaingia kwenye matundu ili kisiteleze. Vilikuja kwa mkokoteni mpaka mlangoni, vikapanda kimoja kimoja.

Pembe za droo sikuzifanya zile za meno yanayopishana kama vidole. Mkono wangu haujafika huko na sikutaka kujifunzia kwenye kazi ya Mama. Nilikata vidato kwenye ncha za uso wa droo, mbavu zikaingia humo, nikatia gundi kisha vijiti vya mbao vya unene wa milimita 6. Guni, kile kipimo cha pembe mraba, haikutoka mkononi kwangu, maana droo ikipinda hata kidogo huirekebishi tena. Sakafu ya droo imeingizwa kwenye mfereji bila gundi. Mgongo wa kabati umeshikwa kwa skrubu za shaba, haukugundishwa.

Leo ni kaskazi, jua kali, na kila droo inateleza kwa kidole kimoja. Nje nimepaka mafuta ya kitani mara tatu. Ndani sijapaka kitu, nimetandika bafta iliyofuliwa, kwa maana mbao tupu hugeuza kitambaa cheupe kuwa cha manjano.

Mafundi, nini nimekisahau?

---

ShogaKisauni, 9 Februari

Mashallah. Mama amezaa. Hapo pa kumwaga vitu mkekani pamenigusa sana, mimi nina makopo 40 ya shanga na kila nikitaka rangi moja naangusha tano.

Swali: hizo droo ndogo zingefaa shanga? Na vigawanyo ndani unatengenezaje?

---

NyuziZaMama, 9 Februari

@ShogaKisauni, ahsante dada. Vigawanyo nilivifanya kwa plaiwudi nyembamba: unakata mwanya nusu ya kimo kwenye kila kipande, kimoja juu, kingine chini, vinaingiana kama kimia. Usivitie gundi. Mama amekwisha kubadili mpango mara mbili tangu Jumapili.

Kwa shanga fahamu uzito. Za kioo ni nzito mno, droo ya 7 iliyojaa itavuta sakafu chini kama si plaiwudi ya 6 au zaidi. Ningekufanyia droo za kimo cha 4 tu, nyingi, kuliko chache zenye kina. Shanga zikirundikana huoni za chini.

---

BaraMpakaPwani, 10 Februari

Kazi safi. Ila kwa nini usitumie reli za chuma zenye vigololi? Huku Thika hadiwea zote zinazo, unafunga kwa skrubu nne na droo haitasumbua maisha.

---

Fundi_wa_Kale, 10 Februari

@BaraMpakaPwani mwanangu, huko Thika zitadumu. Huku upepo wa bahari waja na chumvi hata ndani ya nyumba. Reli za chuma nimezifungua mara nyingi makabatini mwa watu: vigololi vimeshikana kwa kutu, droo yavutwa na watu wawili. Ubao juu ya ubao, ukausugua kwa mshumaa, ndiyo reli ya Mombasa. Mshumaa, si sabuni. Sabuni hunywa maji ya hewani kisha hunata.

Na wewe NyuziZaMama, hongera. Skrubu za shaba umefanya jambo la maana. Nakuuliza moja: kati ya droo na tundu lake, juu, umeacha pengo kiasi gani?

---

NyuziZaMama, 10 Februari

@Fundi_wa_Kale shikamoo mzee. Nimeacha milimita moja kwa kila droo, zote nane. Mama anataka zibane ili mende na vumbi visipate njia.

---

Fundi_wa_Kale, 10 Februari

Marahaba. Basi sikiza.

Ubao hutanuka kwa upana wake, hautanuki kwa urefu wake. Ubavu wa droo umelazwa, kwa hivyo upana wake ndio kimo cha droo. Droo ya sentimita 7 ina ubao mwembamba, utatanuka kidogo mno, milimita moja yatosha na kubakia. Ile ya 24 ina upana zaidi ya mara tatu, na kutanuka kwake ni zaidi ya mara tatu. Pengo haliwi sawa kwa droo zote, pengo hufuata upana wa ubao. Kwa ile ya 24 mimi ningeacha milimita tatu. Ya 18, mbili na kitu. Na saipresi yako ni mbichi kuliko mvule wa ami yako, hilo sina shaka.

Mvua za mwaka zikishika, Mei, hizo mbili za chini zitakukwama. Nalianza kushika randa nikiwa na miaka kumi na mbili na nimeliona hili kila mwaka.

La pili. Droo zako tatu kubwa ni pana kuliko kina chake, 71 kwa 45. Droo ya namna hiyo ukiivuta kwa upande mmoja yakaa mshazari na kujibana, hata kiangazi. Weka kipande cha ubao katikati ya reli, kutoka mbele mpaka nyuma, na chini ya droo vipande viwili vinavyokipakata. Hapo droo itakwenda sawa hata mtoto akiivuta kwa pembe.

---

MtangaMjini, 11 Februari

Hodi humu. Mimi ni wa Tanga. Nyumbani tuna sanduku la njumu la bibi yangu mzaa mama, lina vijidroo vitatu chini, na vinafunguka vizuri mpaka leo. Baada ya kumsoma mzee nimekwenda kuvipima: nafasi juu ya kijidroo inaingia sarafu. Nilikuwa nikidhani ni uchakavu.

Mimi nina mbao za mwembe, tuliukata uliangukia ukuta. Zinafaa kazi hii?

---

Fundi_wa_Kale, 11 Februari

Si uchakavu, huyo aliyelijenga alijua.

Mwembe wafaa, una sura nzuri, ila dumuzi waupenda. Usikae ukaukie nje na magome yake. Upasue mapema, utoe magome, upange mbao zikiwa na vijiti kati ya ubao na ubao hewa ipite, kivulini. Kwa kila inchi ya unene hesabu mwaka mzima. Ukiona unga mweupe kama wa ngano umemwagika chini, kuna mdudu ndani, usiuingize nyumbani kabla ya kuutibu.

Ukiwa na mwarobaini ni bora zaidi. Ni jamaa ya mkangazi, mchwa hawaupendi, na wachongaji wa pwani siku hizi wautumia sana. Mvule sasa ni wa kutafuta kwa tochi. Ukataji wa miti misituni Kenya uliposimamishwa mwaka 2018 mbao zilipanda bei, na mvule tuuonao kwenye yadi huku mwingi watoka Kongo na Uganda. Ndiyo maana namwambia huyu bwana ami yake amempa urithi.

---

MwanaSayansiWaMbao, 11 Februari

Nyongeza ya hatari, tafadhali msiipite. Matambara uliyopakia mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa pembeni. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na tambara lililofinyangwa hulihifadhi joto mpaka likajiwasha lenyewe, bila kiberiti. Tandaza moja moja kwenye kamba nje yakauke, au yatie kwenye ndoo ya maji. Nyumba za Mji wa Kale zina mbao nyingi na zimeshikana.

---

NyuziZaMama, 12 Februari

Ahsante kwa hilo. Matambara yangu yalikuwa ndani ya ndoo tupu chini ya ngazi. Nimeyatandaza nje darini saa hii hii.

Mzee, kipande cha katikati nimekitia kwenye droo zote tatu kubwa na tofauti ni kubwa mno. Pengo nimemweleza Mama. Yeye anasema tungoje mvua, tuone kwa macho. Ni kabati lake, nimemtii.

---

NyuziZaMama, 17 Mei

Wapendwa, narudi.

Mvua imenyesha karibu kila siku. Droo ya 24 ilianza kuwa nzito mwanzoni mwa mwezi. Jumatatu haikutoka. Ya 18 inatoka robo kisha inashika, na ndani yake ndimo iliko kofia ya harusi ya ndugu yangu, imebaki kilemba chake cha juu tu. Mama alinitazama nikaona anakumbuka lile kabati la kwanza.

Sikuigonga. Nilikumbuka mgongo una skrubu. Nikalisogeza kabati kutoka ukutani, nikafungua skrubu kumi na nne, nikasukuma droo kutoka nyuma kwa kiganja, polepole, pande zote mbili kwa pamoja. Zikatoka zote mbili bila ufa. Kofia iko salama, nyeupe pepepe, bafta iliyotandikwa ni kavu.

Mzee, sasa nirande? Watu wawili hapa mtaani wamenikataza, wanasema nikiranda wakati wa mvua droo itakuwa pana mdomo ikifika Januari.

---

Fundi_wa_Kale, 17 Mei

Alhamdulillahi hukugonga. Uso wa droo ungeng'oka.

Hao majirani wana haki kidogo. Ukiranda sana sasa, Januari utaona mwanya mkubwa. Lakini Mei ndio mwezi wa kupimia. Ubao hivi sasa umefika upana wake wa mwisho, ikiteleza leo itateleza mwaka mzima. Ukingoja kiangazi utakuwa wakisia.

Fanya hivi. Paka chaki ya Mama ndani ya tundu, juu na kando. Ingiza droo mpaka inaposhika, itoe. Pale kwenye droo palipoingia chaki ndipo panapogusa. Randa hapo tu, mpapaso mmoja, ujaribu tena. Usirande ubavu mzima kwa hasira. Ikishapita kwa mkono mmoja, acha. Halafu ukingo uliouranda uuzibe, maana umeufungua upya na utakunywa unyevu upesi: nta ya nyuki ukiisugua kwa kitambaa yatosha, haina madhara kwa nguo. Mwisho mshumaa kwenye reli.

---

BintiLikoni, 18 Mei

Ninasoma kimya tangu Februari. Naomba kuongeza la kuvu: tusiegemeze kabati ukutani kabisa. Kuta zetu za matumbawe na chokaa hunywa maji wakati wa mvua. Mimi huacha nafasi ya vidole vinne nyuma ili hewa ipite, na miguu naiwekea vigae chini. Ndani natia vifuko vya karafuu kwa ajili ya wadudu, na wakati jua linapochomoza kati ya mvua nafungua droo zote kwa saa moja. Tangu nilipoanza, leso zangu hazijaingia kuvu.

---

NyuziZaMama, 21 Mei

@BintiLikoni, langu lilikuwa limegusa ukuta kabisa. Nimelisogeza, na nyuma ya plaiwudi chini kulikuwa na alama ya unyevu inaanza. Umeniokoa dada.

Chaki imefanya kazi kama alivyosema mzee. Droo ya 24 ilikuwa inagusa mahali pawili tu, kona ya kushoto mbele na katikati ya ubavu wa kulia. Nimeondoa mipapaso minne, mitano. Ya 18 mipapaso miwili. Zile sita nyingine sikuzigusa, zote zinakwenda na ile milimita moja, hata ya 12. Kuhusu mende, Mama amepata njia yake: ameshona utepe wa kitambaa mnene na kuubandika juu ya tundu kwa ndani, unalala juu ya droo ikifungwa. Pengo lipo, lakini mlango umefungwa.

---

MtangaMjini, 21 Mei

Huo utepe nauiba leo leo.

---

ShogaKisauni, 3 Septemba

Mko wapi? Kaka, kabati linaendeleaje? Na ile kofia ya harusi?

---

NyuziZaMama, 4 Septemba

Kofia ilivaliwa mwezi uliopita, mashallah. Ilikaa kwenye droo ya 18 tangu Machi, mvua zote zimepita juu yake, na haina doa.

Kabati limeanza kugeuka rangi. Mvule wa nyuso za droo ulikuwa wa manjano nilipoupiga randa, sasa umekuwa kahawia, isipokuwa pale nyuma ya pazia jua lisipofika. Droo ya 24 ina mwanya wa milimita mbili hivi leo. Naupenda ule mwanya, ninajua ni wa nini. Vishikio vya droo nimevikata kwa vifuu vya nazi, nikavisugua kwa msasa mpaka vikang'aa, kila droo ina kimoja na zile pana zina viwili.

Kilichobaki nisichokipenda ni droo mbili za safu ya pili. Nimezifanya za kina kizima, 45, na Mama hatumii nusu ya nyuma. Mkono haufiki vizuri kwa sababu droo haitoki yote. Ningejenga tena ningezifupisha ziwe 35, au ningerefusha reli.

---

ShogaKisauni, 4 Septemba

Basi na langu utanijengea? Nina nafasi chini ya dirisha, upana futi tatu kasoro, na sitaki kitu kirefu. Makopo yamefika 52. Nikutumie vipimo?

---

NyuziZaMama, 4 Septemba

Usitume vipimo dada. Mama anasema uje nayo makopo yenyewe Jumamosi baada ya alasiri, mkeka upo.